Tasa na Zao: Namba Inayogawika Sana, Msamiati wa Kugawanya, na Mfano wa Isinya

Lugha ya Kiswahili imechunguzwa sana katika ngeli zake, vitenzi vyake na ushairi wake. Msamiati wake wa hisabati haukupata bahati hiyo. Aghalabu huachiwa walimu wa shule za msingi, kana kwamba neno la kutajia sifa ya namba halina historia wala halibebi mawazo ya wale waliolichagua. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa kuanzia na namba moja kubwa, 293,318,625,600, na kufikia Isinya, katika Kaunti ya Kajiado, ambako kitenzi kugawanya kimekuwa na uzito ambao vitabu vya hesabu havikuufikiria.

Namba hiyo inajulikana kwa sababu ilisahauliwa. Mwaka 1915 Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyezaliwa Erode mwaka 1887 na kufika Cambridge mwaka 1914, alichapisha uchunguzi mrefu juu ya kile kinachoweza kuitwa kwa Kiswahili namba zinazogawika sana. Maana yake ni nyepesi. Namba inagawika sana ikiwa ina vigawo vingi kuliko kila namba iliyo chini yake. Kumi na mbili ina vigawo sita, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12, na hakuna namba chini ya kumi na mbili yenye vigawo sita. Ishirini na nne ina vigawo vinane. Sitini ina kumi na viwili. Ramanujan alipanga jedwali la namba za aina hiyo, zikipanda hadi 6,746,328,388,800. Waliolikagua jedwali baadaye waligundua kwamba imekosekana moja tu, nayo ni hiyo iliyotajwa hapo juu. Kwa mtu aliyefanya kazi bila mashine ya kukokotoa, kosa moja katika jedwali kama hilo halimpunguzii heshima hata kidogo.

Ikivunjwavunjwa, namba hiyo inatokana na kuzidisha 2 mara sita, 3 mara nne, 5 mara mbili, 7 mara mbili, kisha 11, 13, 17 na 19 mara moja moja. Kutokana na mpangilio huo mtu anaweza kujua idadi ya vigawo vyake bila kuviandika. Anayetaka kuunda kigawo ana hiari ya kuchukua mbili ngapi: anaweza kuacha zote, kuchukua moja, au kuendelea hadi sita, na hizo ni njia saba. Za tatu ni njia tano. Za tano ni njia tatu. Za saba pia tatu. Na kila moja ya zile nne za mwisho ni njia mbili, kuichukua au kuiacha. Saba mara tano mara tatu mara tatu mara kumi na sita ni 5,040. Ndiyo kusema namba hii ina vigawo elfu tano na arobaini, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye vigawo vingi kiasi hicho. Inagawika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 22; ya kwanza kuishinda ni 23. Ikizidishwa kwa 23, vigawo vyake huwa maradufu, 10,080, na namba inayopatikana ndiyo ile ya mwisho katika jedwali la Ramanujan.

Inafaa kutazama jinsi hesabu ya wale wanaozidishwa inavyoshuka: sita, nne, mbili, mbili, moja, moja, moja, moja. Haipandi kamwe. Kama namba kubwa, tuseme 7, ingerudiwa mara nyingi kuliko 3, ingetosha kubadilishana nafasi zao ili kupata namba ndogo zaidi yenye vigawo vilevile. Walio wadogo hubeba mzigo mkubwa, na hapa si kwa dhuluma bali kwa hesabu.

Je, namba hiyo husomwaje? Kiswahili cha leo kitasema: bilioni mia mbili tisini na tatu, milioni mia tatu na kumi na nane, elfu mia sita ishirini na tano, na mia sita. Maneno haya yana nasaba mbalimbali. Mia na elfu yametoka katika Kiarabu, nayo yaliyasukuma kando gana na kikwi, ambayo leo husikika zaidi katika tungo za kale kuliko sokoni. Bilioni ni mgeni wa juzi, tena mgeni aliyefika na utata: hadi mwaka 1974, serikali ya Uingereza ilipokubali rasmi maana ya Kimarekani, bilioni ya Kiingereza cha Uingereza ilikuwa milioni mara milioni. Msomaji wa Kiswahili aliyefunzwa kwa vitabu vya kabla ya hapo angeweza kuliona neno moja na kufikiria namba nyingine iliyo kubwa mara elfu moja. Laki halina utata huo. Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na rupia na wafanyabiashara wake, likakaa. Kwa laki, namba yetu ni laki milioni mbili, mia tisa thelathini na tatu elfu, mia moja themanini na sita, na juu yake elfu ishirini na tano na mia sita. Ramanujan mwenyewe, akiwa Mhindi, asingeona ajabu kuhesabiwa hivyo.

Kusoma namba ni jambo moja. Kutaja tabia yake ni jingine. Hapa ndipo Kiswahili kilipolazimika kuunda maneno kwa haraka baada ya 1967, mwaka ambao Tanzania iliifanya lugha hii kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi na kuliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwalimu wa darasa la tano hawezi kungoja wanaisimu wakubaliane. Katika msamiati uliopatikana kuna jozi moja inayostahili kusifiwa, kigawo na kigawe. Yote mawili yametokana na mzizi -gaw-, yote yamo katika ngeli ya KI-VI, na tofauti iko katika irabu ya mwisho pekee. Kiishio -o kinaunda jina la chombo au la kinachotenda, kama katika kifungo. Kiishio -e kinaunda jina la kinachotendwa, kama katika kiumbe, aliyeumbwa, na mtume, aliyetumwa. Hivyo 3 ni kigawo cha 12 kwa kuwa inaigawa, na 12 ni kigawe cha 3 kwa kuwa inagawiwa nayo. Mwanafunzi asiyejua hata jina la viambishi anaweza kulihisi jambo hilo masikioni. Ni nadra sana istilahi mbili kupatikana kwa gharama ndogo namna hiyo.

Tasa ni hadithi nyingine. Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Kigiriki cha Euclid kiliziita namba za kwanza. Kilatini na Kiarabu zikafuata mkondo huohuo, na lugha za Ulaya zikarithi. Kiswahili hakikufuata. Kilikwenda zizini kikachukua neno la mnyama asiyezaa. Ubunifu wake ni dhahiri, kwani sifa iliyotajwa ni ile inayoonekana mara moja: namba hii haina vigawo vya kuonyesha, kama vile ng'ombe tasa hana ndama wa kumfuata. Lakini neno hilo linakutana njiani na neno jingine la hesabu hizohizo, zao. Mbili mara tatu, zao lake ni sita. Mzizi wake ni -zaa. Basi katika darasa moja mtoto anaambiwa kwamba 2 na 3 ni tasa, na papo hapo anaambiwa kwamba zimezaa 6.

Mgongano huu si wa kuchekesha tu. Euclid alikwisha kuonyesha kwamba kila namba kubwa kuliko 1, ikiwa si tasa yenyewe, inatokana na kuzidishwa kwa tasa. Na Gauss, mwaka 1801, alithibitisha kwa ukamilifu kwamba kila namba ina njia moja pekee ya kutokana nazo, mpangilio ukiachwa kando. Ile 293,318,625,600 na vigawo vyake vyote 5,040 ni uzao wa tasa nane. Katika zizi, ng'ombe tasa mara nyingi ndiye wa kwanza kufikiriwa siku ya mnada. Katika hesabu, akiondolewa tasa hakuna kundi. Waliolichagua neno waliona upande mmoja wa sarafu, na upande huo waliuona vizuri. Upande wa pili umebaki bila jina.

Nayo namba isiyo tasa? Mara nyingi hutajwa kwa kukanusha tu, au kwa maelezo marefu, yaani namba yenye vigawo zaidi ya viwili. Kuiita namba zao hakuwezekani, maana msikilizaji atauliza ni za akina nani. Sarufi ingeweza kukopesha neno: wanafunzi wa lugha wanajua nomino ambatani, kama vile mwanahewa au batamzinga, ambayo inaweza kuvunjwa ikatoa nomino mbili zinazojitegemea. Namba ambatani ingekuwa ile inayoweza kuvunjwa hali kadhalika. Tasa, kwa mfano huo, ingekuwa mzizi.

Hata hivyo, muda mrefu kabla ya istilahi hizo za shule, Waswahili wa pwani walikuwa na lugha kamili ya kugawanya. Nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri: majina tisa ya akisami, yote ya asili ya Kiarabu. Mengine yalihamia katika maisha mengine. Thumuni likawa sarafu ya senti hamsini, ushuri likawa kodi ya serikali. Baada ya ushuri mfululizo unakatika, na mtu analazimika kusema sehemu moja ya kumi na moja. Namba ndogo kabisa inayokubali akisami zote tisa ni 2,520, ambayo nayo inagawika sana kwa maana ya Ramanujan.

Shule halisi ya akisami hizi ilikuwa mirathi. Kadhi wa Mombasa au Lamu anayegawa urithi hutafuta kwanza namba inayokubali mafungu yote yaliyotajwa, na palipo na thumuni na sudusi pamoja namba hiyo ni 24. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, mama na baba. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, mama sudusi na baba sudusi. Katika 24 mafungu hayo ni 3, 16, 4 na 4. Jumla yake ni 27. Mali haitoshi. Wanazuoni hawakumfukuza mrithi yeyote, waliibadilisha namba. Mali hugawanywa mafungu 27 badala ya 24, kila mtu akapungukiwa kwa kiasi kinacholingana na haki yake, na thumuni ya mke ikawa tusui. Mapokeo yanasema Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari na akalijibu papo hapo, ndiyo maana linatajwa kwa jina la mimbari.

Plato alikuwa na shauri jingine. Katika kitabu chake cha Sheria, alichokiandika uzeeni, alitaka mji mpya uwe na mafungu ya ardhi 5,040, na nyumba zilezile 5,040. Aliipenda namba hiyo kwa sababu ina vigawo hamsini na tisa bila kuihesabu yenyewe, ikiwa ni pamoja na kila namba kutoka 1 hadi 10. Ni idadi ileile ya vigawo vya namba iliyomponyoka Ramanujan, ingawa hiyo ni sadfa tu. Plato alikiri kwamba 5,040 haigawiki kwa 11. Dawa yake ilikuwa rahisi: ziondolewe nyumba mbili katika hesabu, zibaki 5,038, nayo itagawika. Hakusema watu wa nyumba hizo mbili wangejisikiaje. Kadhi aliibadilisha namba ili watu watoshe. Mwanafalsafa alikuwa tayari kuwapunguza watu ili namba itoshe.

Tofauti hiyo ilikuja kuwa jambo la maisha ya kila siku huko Isinya. Mji huu uko kwenye barabara ya kwenda Namanga, kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, katika nchi ya Wamaasai wa Kaputiei. Mwaka 1968 Kenya ilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi, na nyanda hizi zikaandikishwa kama ranchi za vikundi: ardhi moja, hati moja, na daftari la wanachama. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi za Kaputiei zilianza kuvunjwa, kila mwanachama akapewa kipande na hati yake.

Lugha ya Kimaasai ina majina ya makumi yasiyotokana waziwazi na majina ya mamoja: tikitam ni ishirini, osom ni thelathini, artam ni arobaini. Wafugaji hawakukosa namba. Hata hivyo imeandikwa mara nyingi kwamba mfugaji hapendi kuwahesabu ng'ombe wake, wala watoto wake, mmoja mmoja kwa kidole. Jioni kundi linapoingia bomani humjua aliyekosekana kwa rangi yake na pembe zake. Ndiyo kusema kundi kwake si jumla ya vipande vinavyolingana. Daftari la wanachama lilikuwa kinyume cha maarifa hayo: mstari mmoja, jina moja, na kila jina ni 1.

Ichukuliwe kwa mfano ranchi ya kubuni, ndogo kuliko zile halisi, yenye eka 5,040 na wanachama 60. Kila mmoja anapata eka 84, na Plato angefurahi. Aongezwe kijana mmoja tu aliyetahiriwa baada ya daftari kufungwa. Sitini na moja ni tasa. Kila mtu anapata eka 82, na eka 38 zinabaki mkononi mwa mpima ardhi. Hisabati yenyewe haioni shida: akisami ipo, na mabaki yanaweza kugawanywa hadi upana wa unyayo. Shida ilikuwa kwamba katika ranchi nyingi namba ya wanachama ilikwisha kufungwa, na waliokuja nyuma hawakuwa vigawo bali masalio. Madaftari yaliandika hasa wanaume wenye miji. Wanawake walioandikwa walikuwa wachache, na wajane wengi walilazimika kutegemea jina la mwana au la shemeji. Vijana waliofikia utu uzima baadaye waliambiwa wangojee urithi wa baba. Hapakuwa na mtu wa kupanda mimbari na kusema 60 iwe 61.

Wala mgawanyo haukuwa sawa kwa wale waliokuwamo. Wachunguzi walioandika juu ya ranchi za Kajiado wameeleza kwamba wajumbe wa kamati na jamaa zao mara nyingi walipata vipande vikubwa zaidi au vilivyo karibu na maji na barabara. Hili ndilo jambo ambalo kigawo hakiwezi kulisema. Eka 84 za mawe na eka 84 zenye kisima ni namba moja. Mto wa msimu haugawiki kwa 60, wala chumvi ya ardhini, wala njia ya nyumbu na punda milia wanaotoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakati wa mvua. Mfugaji mwenye eka 84 na waya pande zote nne anakuta kwamba mvua imenyesha kwa jirani, nayo haikufuata mipaka ya hati. Kiswahili kina gawa, gawanya na gawana, na tofauti zao si ndogo. Ranchi iligawanywa. Malisho, hapo zamani, yaligawanwa.

Baadhi waliuza. Karibu na Kitengela vipande vilikatwa tena, robo eka kwa robo eka, kwa wanunuzi kutoka Nairobi. Isinya ikapata mashamba ya maua na nyumba za mawe. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa eneo la Kitengela dola 4 za Kimarekani kwa kila eka kwa mwaka ili wasijenge ua, wanyama na mifugo wapate kupita. Kwa mwenye eka 84 hizo ni dola 336. Ilikuwa hesabu ya kujumlisha tena kile kilichogawanywa, na ilihitaji mkataba na kila mwenye kipande, mmoja baada ya mwingine.

Mtoto wa Isinya aliyesoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, alijifunza thumuni na tusui katika somo la Kiswahili, na namba tasa, kwa jina lake la Kiingereza, katika somo la hesabu. Masomo mawili, walimu wawili, na pengine hakuna aliyemwambia kwamba ni jambo moja. Neno tasa lenyewe, kwa maana ya ng'ombe, alilisikia barabarani siku ya mnada.

Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ya Jamii iliifuta ile ya 1968. Inamtambua kila mwanajamii, mwanamume na mwanamke, kuwa na haki sawa katika ardhi ya jamii. Wakati huo sehemu kubwa ya ardhi ya Kaputiei ilikwisha kuwa na hati za mtu mmoja mmoja.